Nilivyomsomesha binti yangu Kiingereza kwa vitabu vya kwenye simu

Binti yangu yuko la tatu shule ya serikali hapa Morogoro, darasani kwao kitabu kimoja wanasoma wanne kwa hiyo cha kuja nacho nyumbani hakuna. Jirani akaniambia we si una smatifoni, ingia maktaba mtandao ya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya kiada viko bure. Kweli nikakikuta cha Kiingereza, nikampa mtoto simu nikarudi jikoni nikijua anasoma.

Hapo ndo nilikosea. Wiki mbili nzima alikuwa anaangalia picha tu, maandishi madogo mpaka uyavute kwa vidole, akichoka anahamia kwenye gemu. Siku namwambia nisomee ukurasa mmoja, knife akaisoma "kinife". Na si kosa lake jamani, Kiswahili tunakisoma kama kilivyoandikwa, atajuaje kwamba hiyo k haitamkwi?

Basi nikabadilisha. Jioni vyombo vikishaoshwa tunakaa mkekani wote wawili, data nazima, ukurasa mmoja tu inatosha. Ila kilichotusaidia kuliko vyote ni hadithi za African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, kwa sababu hadithi moja unaipata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na picha zilezile, na unaidaunlodi kabisa bando lisiliwe kila siku. Leo tunasoma ya Kiswahili, acheke, aulize maswali yake yote, kesho ndo tunaisoma ileile kwa Kiingereza. Sihangaiki kumtafsiria neno kwa neno maana kisa anakijua tayari, akikwama anaangalia picha anakumbuka mwenyewe.

Matamshi mimi nilikuwa nayaogopa sana, nimeishia form four na sikutaka nimrithishe makosa yangu, kwa hiyo neno nisilo na uhakika nalo naiachia simu ilisome kwa sauti halafu tunarudia wote mara tatu nne. Hadithi akiipenda sana naenda steshenari wananiprintia, anaisoma hata simu ikiwa imeisha chaji.

Sasa hivi ni mwezi wa tano tangu tuanze hivi. Juzi nimemkuta anamsomea mdogo wake, anaanza Kiswahili halafu Kiingereza vilevile tunavyofanya, na knife aliitamka vizuri kabisa. Though na through bado anazichanganya, hizo ndo tunazo wiki hii.