Nilivyofuta nusu ya maneno ndo katuni yangu ya mwezini ikaanza kutisha

Katuni yangu ya kwanza ya sayansi ya kubuni ilikuwa na kurasa 12, mwanaanga yuko peke yake kwenye kituo mwezini, afu kuna mtu anamgongea mlango. Nilijiona fundi kweli. Nikampa rafiki yangu asome, akamaliza chapu, akasema, "Nimeelewa yote, ila sijaogopa." Iliniuma, lakini nilivyoiangalia upya nikaona hajakosea, yaani kila fremu ina kiboksi cha maelezo, sijui mwaka gani, injini inafanyaje kazi, oksijeni imebaki kiasi gani, mpaka mlango unagongwa msomaji keshachoka.

Nikarudi kuwasoma wakubwa. Moebius, yule mchora katuni Mfaransa, kwenye katuni yake Arzach ya 1975 jamaa kapanda dude lake linapaa tu, hamna anayeongea, na bado ule ukiwa unakuingia.

Basi nikaanza kufuta. Maelezo karibu yote yakaondoka, nikabakiza maneno ya kwenye redio tu. Rangi nayo, mwanzo nilipaka anga la bluu iliyokolea na vivuli laini laini nikidhani napendezesha, kumbe mwezini hamna hewa ya kutawanya mwanga, anga ni jeusi hata mchana na kivuli kina ukingo kama kimekatwa na wembe. Nilivyopaka hivyo tu kituo kikawa kipweke, wala sikuongeza kitu.

Shida ikabaki mlango. Nilikuwa nimeandika NGO NGO NGO kubwa hadi fremu za nje, na huko nje sauti haisafiri. Nikaifuta, afu siku mbili sina cha kuweka. Kilichoniokoa ni nyayo. Mwezini hamna upepo, ukikanyaga vumbi alama inabaki palepale. Kwa hiyo ukurasa wa 3 jamaa anachungulia dirishani, anaona nyayo zake mwenyewe, za kwenda na za kurudi. Ukurasa wa 6 dirisha lilelile, fremu saizi ileile, ila kuna mstari mwingine unakuja kituoni na hauondoki. Hamna neno hata moja. Hiyo fremu niliichora mara tano, maana nyayo zikiwa kubwa msomaji anashtukia mapema, zikiwa ndogo anapita bila kuziona.

Zikabaki kurasa 8. Rafiki yangu safari hii aliupita ukurasa wa 6, akasimama, akarudi wa 3, akaenda tena wa 6.

"We, huyu kaingia saa ngapi?"