Siku moja na nyanya za ndoo zinazochanua bila kuzaa

Kazi yangu ni kutunza bustani za ndoo kwenye vibaraza na mapaa ya nyumba za watu Dar es Salaam. Wengi wakisikia hivyo wanadhani nashinda na bomba la dawa mgongoni. Bomba ninalo, ila Februari halina kazi kubwa. Simu za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: nyanya zimechanua vizuri, maua yanapukutika, tunda hakuna.

Saa 12 asubuhi. Namwagilia kitalu, nakagua miche, nafungasha mkasi, kipimajoto, karatasi nyeusi, kamba ya katani na mswaki wa betri.

Saa 2, Sinza. Ndoo za lita 10, kila moja imebanana miche mitatu. Udongo unakauka mchana, jioni unafurikishwa maji, na mnyanya ukiyumbishwa hivyo jambo la kwanza kuachia ni maua. Nabakiza mche mmoja wenye nguvu kila ndoo. Miwili nainyofoa? Hapana, naikata usawa wa udongo, maana mizizi imeshasukana na ukivuta mmoja unauumiza unaobaki. Mnyanya mmoja unataka ndoo ya lita 20 yenye matundu chini, na maji asubuhi mpaka yachuruzike. Nafunika udongo kwa nyasi kavu, naondoka.

Saa 4, Upanga, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Kijana, mbegu hizi ni feki. Tazama mwenyewe, tangu mwezi uliopita ni maua tu.”

Natazama. Majani ni ya kijani kilichoiva mno, yamejikunja kwa ndani, shina nene kama kidole gumba, machipukizi yamejaa kila kikwapa, pale jani linapoungana na shina. Mmea wa kuvutia kweli, na ndiyo maana mwenye nyumba haamini kwamba una tatizo.

“Mama, unaweka mbolea gani?”

“Ile nyeupe ya chengachenga. Kijiko cha chai kila ndoo, kila Jumamosi. Inapendezesha majani.”

Hiyo ni urea, asilimia 46 yake ni naitrojeni. Shambani inasambaa, mvua inaisafirisha. Ndani ya ndoo haina pa kwenda, kwa hiyo mnyanya unaendelea kujenga majani na matawi, na maua unayaacha yajifie. Namwambia mbegu haina kosa. Hakubaliani. Anataka nimpulizie dawa ya kushikisha matunda aliyoisikia dukani. Namweleza kwamba homoni hizo zinaweza kulazimisha tunda kushika bila chavua, ila mara nyingi linatoka na uwazi ndani au umbo baya, na mbolea iliyozidi na joto vinabaki palepale.

Bado hajaridhika, basi nachuma ua moja nimwonyeshe. Petali za njano zimejikunja nyuma, katikati kuna kikoni, yaani koni ndogo, cha njano, humo ndimo chavua inamwagikia. Nyanya haihitaji ua la mmea mwingine, inajichavusha yenyewe, mradi kitu kikitikise kikoni. Kwenye ua la mama, kijiti cha kijani kinachopokea chavua kimerefuka na kuchungulia nje ya kikoni. Hiyo ni alama ya joto: chavua inadondokea ndani, mpokeaji yuko nje. Naweka karatasi nyeusi chini ya kichala kingine, nakigonga kwa kidole. Haidondoki hata vumbi.

“Sasa joto hilo limetoka wapi? Kibaraza kina kivuli.”

Kibaraza kimezibwa vioo pande zote, na mashine ya nje ya kiyoyozi imeelekezwa kwenye ndoo. Kipimajoto mbele ya mashine kinasoma nyuzi 39, upande wa pili 32. Mchana ukipita nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya 24, chavua ya aina nyingi za nyanya inadhoofika au kufa. Vioo navyo vinazuia upepo, na vinawazuia wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao mtetemo wa misuli yao ya kurukia ndio unaokung’uta chavua. Nyuki wa asali hawaiwezi kazi hiyo.

Nahamishia ndoo upande wa mashariki zipate jua la asubuhi, maana nyanya inataka saa sita za jua au zaidi. Nafungua madirisha mawili yanayotazamana. Napitisha maji polepole mpaka yatoke chini, nasubiri nusu saa, narudia, ili urea iliyobaki ioshwe. Nang’oa machipukizi ya kikwapani, kwa kuwa aina yake ni Money Maker inayorefuka. Ingekuwa Tanya, inayokua kichaka, ningeyaacha. Mbolea isimame wiki mbili, kisha ianze yenye potashi nyingi kuliko naitrojeni, kijiko cha chai kwa lita 5 za maji. Kila siku kati ya saa 4 na saa 8, umande ukishakauka, agusishe mswaki wa betri kwenye kikonyo nyuma ya kila kichala kwa sekunde tano.

Mama analipa, lakini ananung’unika: “Hujanipulizia hata dawa.” Saa mbili na zaidi zimekwisha hapo, na ngazi bado nazishuka na gunia la mboji begani.

Foleni, jua la utosi. Kwenye paa moja karibu na Kariakoo zege linaunguza hadi kwenye soli. Ndoo ni nyeusi, mizizi inapikwa, na ukingoni mwa udongo kuna ukoko mweupe: maji ya kisima yenye chumvi. Navalisha ndoo magunia, natundika neti ya kivuli ya kutumika saa 6 hadi saa 10, naagiza maji ya mvua au ya bomba yachanganywe na ya kisima nusu kwa nusu. Jasho linaniingia machoni na neti inapeperuka kila nikifunga kona ya mwisho. Naifunga tena.

Alasiri nyumba mbili za Mbezi Beach, kuna upepo wa bahari, mambo ni mepesi. Moja ina kantangaze, viwavi wa nondo wanaotoboa majani ya nyanya, nachuma yaliyoathirika na kuyafunga kwenye mfuko. Nyingine nilishaitembelea, na ua lililoshika nalitambua upesi: petali zimenyauka, kikonyo bado ni kijani, kuna kitone kinavimba. Linaloanguka hugeuka njano kwanza pale kwenye kifundo cha kikonyo.

Usiku najibu simu. Kwa wanaouliza kama wapande sasa, jibu ni lilelile: sia mbegu mwishoni mwa Aprili, hamisha miche mwishoni mwa Mei, maua yakutane na upepo wa kusi, usiku wa Dar ukiwa karibu na nyuzi 19 au 20. Anayetaka nimsaidie kwa picha anitumie tatu: mmea mzima, ua moja kwa karibu, na ndoo pamoja na kilicho jirani yake. Aandike na mbolea aliyoweka, kiasi gani, na lini.