Usiweke Picha ya Mtoto

Miaka mitatu iliyopita nilisingiziwa mimba. Nasema nilisingiziwa kwa kuwa ndilo neno tulilo nalo, ingawa mpaka leo sijui kama yule dada alinidanganya au naye alikosea hesabu. Kwa miezi 14 niliitwa baba. Niligharamia kliniki, nikaunda kitanda kidogo kwa mikono yangu, nikajifunza kulala usingizi wa kusikia kilio. Mtoto alikuwa ameshaanza kupiga makofi kila nikifungua mlango. Ndipo siku moja nikakaa na kadi ya kliniki, nikahesabu wiki kurudi nyuma, hesabu ikanifikisha kwenye mwezi ambao mimi na mama yake tulikuwa hatujajuana.

Kipimo chenyewe hakiumi. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu, changu na cha mtoto, basi. Maabara hulinganisha sehemu ishirini hivi za vinasaba, yaani DNA, na katika kila sehemu mtoto huwa amechukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Sehemu moja ikikataa haitoshi kumtoa mtu, kwa kuwa vinasaba huweza kubadilika kidogo vinaporithiwa. Zangu zilikataa 9. Nilimaliza kusoma ile karatasi na bado masikio yangu yalikuwa yanasikia makofi.

Wazee walisema kitanda hakizai haramu. Sheria ya Warumi nayo ilisema karibu hilohilo: baba ni yule ambaye ndoa inamwonyesha. Nauheshimu msemo huo, maana uliwekwa kumkinga mtoto na aibu asiyoitenda. Lakini uliwekwa wakati ambapo hakuna mtu aliyeweza kujua. Hata kujua kulipoanza, mahakama zilichelewa kukubali. Mwaka 1945 mchekeshaji wa sinema Charlie Chaplin aliamriwa kumlipia matunzo mtoto wa kike, na vipimo vya damu vilikuwa vimeshaonyesha kuwa hawezi kuwa baba yake: yeye kundi O, mama A, mtoto B. Baraza la mahakama huko Los Angeles liliviona vipimo hivyo, likaamua vingine. Mwanasayansi Mwingereza Alec Jeffreys aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba mwaka 1984, kwa hiyo sasa hatuna tena kisingizio cha kukisia.

Kikundi chetu cha mtandaoni kilianza na wanaume wanne, wote tumebambikiwa, wote tumenyamaza kwa aibu. Mwanaume akisema hadharani kwamba mtoto si wake, anachekwa kwanza, anasikilizwa baadaye, kama atasikilizwa. Tulichotaka kilikuwa kidogo: mwanaume anayekana ubaba apimwe kabla ya kuamriwa kulipa, na muda wa kupinga uhesabiwe tangu siku aliyopata shaka ya msingi. Katika baadhi ya nchi muda huo huanza kuhesabiwa mtoto akizaliwa au baba akiandikishwa kwenye cheti. Ukishapita, vinasaba vyako havina wa kuviuliza.

Tulipofika mamia, mambo yakaharibika. Ikaingia ile kauli kwamba watoto 30 katika kila 100 si wa baba zao. Niliitafuta inakotoka. Mwaka 2006 mtafiti Kermyt Anderson alikusanya tafiti 67 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Hiyo 30 ipo, lakini ni ya wanaume waliokuwa tayari na shaka kubwa, wengi wao wakiwa wamefika maabara kwa sababu ya mgogoro. Kwa wanaume wenye uhakika na watoto wao, ilikuwa chini ya 2 katika 100. Niliandika hivyo kikundini. Nikaitwa msaliti. Bado nalisimamia, maana ukimtia mwenzako shaka kwa hesabu ya uongo, unambambikia kitu na wewe.

Halafu likaja lile la picha. Kijana mmoja aliweka picha ya mwanawe wa miaka minne, amesimama karibu na ukuta, kaptura imemzidi, akauliza: ndugu zangu, huyu anafanana na mimi? Majibu yakamiminika. Masikio si yako. Pua ni ya jirani. Mwingine akamtukana mama kwa jina lake, kwa kuwa kijana alikuwa amelitaja. Mimi nilikuwa msimamizi na nilikuwa nimelala. Nilipoamka kulikuwa na majibu zaidi ya 200, na picha ilikuwa imeshahamia kwenye vikundi nisivyovijua. Niliifuta. Siku ileile tukaandika kanuni: hakuna picha ya mtoto, hakuna jina la mama, na mwenye shaka aende maabara inayothibitisha kwa vitambulisho nani ametoa sampuli, ili majibu yakubalike na mahakama. Watu 60 hivi walijitoa. Sikuwazuia.

Kijana alikwenda kupima. Wiki tatu baadaye akaniandikia faraghani: "Kaka, mtoto ni wangu. Asilimia 99.99. Lakini mke wangu ameshayasoma yote mliyoandika."

Nilimpigia simu, nikamwomba radhi, nikamwomba amfikishie na mke wake. Alisema atajaribu. Kikundini hajarudi.