Far Cry 2 bado naitetea, ila kuna vitu vinauma

Tukikaa na washkaji hapa Ngamiani, Tanga, mjadala wa gemu za risasi hauishi. Kuna mmoja kila siku anasema zote ni zile zile, unakimbia unaua unasonga mbele basi. Mi nakataa kabisa na mfano wangu ni Far Cry 2, gemu ya zamani, ilitoka Oktoba 2008, wakaitengeneza studio ya Ubisoft Montreal, na mpaka leo sijacheza nyingine inayokufanya uiogope bunduki uliyoishika mwenyewe.

Kwa ambao hawaijui, wewe ni mamluki umetua kwenye nchi ya Afrika ambayo hawakuipa jina, makundi mawili yanapigana, APR na UFLL, na kuna jamaa anaitwa Jackal anawauzia silaha wote. Umetumwa ukamuue huyo Jackal. Sasa hata kazi hujaanza malaria inakulaza, unazinduka hotelini mji wa Pala, na Jackal mwenyewe yupo hapo chumbani anaongea na wewe huna hata nguvu ya kunyanyua mkono. Mwanzo mzito sana ule.

Lakini raha yenyewe iko kwenye bunduki. Ukiokota ya adui imechoka, inaonekana kabisa ilivyo na kutu, unapiga risasi kadhaa inajam, yaani inakwama, na hapo huwezi kufanya kitu zaidi ya kubonyeza bonyeza huku unaangalia mkono unapambana na chuma na adui anakuja mbio. Ikizeeka sana inaharibikia mkononi. Kwa hiyo unajifunza kwenda kwa muuza silaha kuchukua mpya kabla ya misheni kubwa, na unabeba vitu kwa akili, bunduki ya karibu, ya mbali, na roketi ya kulipua gari. Hakuna anayekulazimisha kupanga hivyo, ni bunduki yenyewe inakufundisha.

Halafu moto. Aisee moto! Unarusha chupa ya petroli kwenye nyasi kavu, upepo unaushika, unatambaa mpaka kwenye kambi, mapipa yanalipuka, na ukikaa vibaya unakugeukia wewe. Mi napenda kukaa juu ya mwinuko jioni, natazama kwanza, nawasha upande unaotoka upepo, wao wakihangaika na moto mi nazunguka nyuma. Hapo hapo mpango unaharibika kwa sababu gari limelipuka na moto umeruka njia, unaanza kukimbia. Ukiumia sana unajiona mwenyewe unachomoa risasi mwilini kwa koleo, sio unajificha nyuma ya ukuta unapona tu. Hata ramani ni karatasi unayoishika mkononi, ukiifungua dunia haisimami, adui anaendelea kuja.

Malaria nayo niiseme, maana sisi wa mkoa huu tunaijua, Muheza na Korogwe watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wako kwenye kazi hiyo miaka na miaka. Wazo la kukuwekea mgonjwa badala ya shujaa wa chuma nalipenda sana, katikati ya mapigano macho yanafifia, unatetemeka, unatafuta kidonge. Ila ugonjwa wenyewe sio huu tunaoujua, huku kwetu unameza dawa mseto siku 3 unamaliza dozi unarudi kazini, kule unameza kimoja kimoja gemu nzima, na vikiisha inabidi upeleke hati za kusafiria kwa wakimbizi waliojificha ndio upewe vingine. Ikikukuta uko mbali na una misheni nyingine kichwani inakuwa usumbufu mtupu.

Kasoro kubwa lakini ni vituo vya walinzi barabarani. Karibu kila njia panda kuna vibanda na watu wenye bunduki, unawamaliza wote, unaenda mbele kidogo ukirudi wamejaa tena kama vile hukupita. Ramani ni kubwa, inafika kilomita za mraba 50 hivi, na vituo vya basi vya kukurusha mbali ni vichache, kwa hiyo safari moja unapigana mara tatu nne bila sababu. Na wanakupiga wote, hata wa kundi lile lile lililokutuma, gemu inasema kazi yako ni ya siri hawakujui, sawa, lakini inachosha. Far Cry 3 ya 2012 walirekebisha hili, kambi ukiiteka inabaki yako. Tatizo wakaondoa na bunduki kujam na malaria humo humo, sasa kwangu wametupa kizuri na kibaya pamoja.

Na kuna hili ambalo nikilisema wenzangu wananiangalia. Ile Afrika haina watu! Pundamilia wapo, swala wapo, vumbi na jua la saa kumi na moja wamelipatia mpaka unahisi joto, lakini huoni mama ana beseni la ndizi, huoni mtoto na baiskeli, hakuna soko linalochangamka. Raia wamekimbia au wamejificha kwenye nyumba chache, waliobaki barabarani wote wana bunduki. Najua ni nchi ya vita, ila hata kwenye vita watu wanapika, wanauza, wanazika, na kukosekana kwao kunafanya hata maamuzi yako yasiwe na uzito, unalipua bomba la maji na humuoni wa kulia kiu. Hili linaniuma kuliko vile vituo. Maongezi pia, watu wanaongea haraka haraka kama wanakimbiza gari.

Kama unataka kuijaribu chukua ya kompyuta, unasevu popote. Kwenye konsoli kwa kawaida mpaka ufike nyumba ya kujificha, umeme ukikatika kabla hujafika umepoteza yote, na kwenye banda la gemu unalipia muda ndio kabisa usijaribu, humo waachie wa gemu za mpira. Ukianza tu fanya misheni za muuza silaha za kulipua misafara, almasi unazookota, ndio pesa ya humo, nunulia kwanza vitabu vya kutunza bunduki zako, zinachelewa kujam. Na usiku nenda polepole, pembeni ya barabara.