Mgando ulioyeyuka nikiwa nimelala

Koagulazi ni kipimo ambacho kila mtu atakuambia ni chepesi. Vijidudu ndani ya plazma (maji ya damu bila chembe zake), joto la 37, ikiganda ni stafilokoko ya dhahabu, kidudu cha majipu. Nilipoanza staji (mafunzo ya kazi) kwenye labo moja hapa Bukavu, mkubwa mmoja aliniongezea ushauri wake: "Mdogo wangu, usijichoshe. Weka jioni, soma asubuhi. Masaa 24 yanashinda masaa 4."

Nikamsikiliza. Usaha ulitoka kwenye jipu la papa mmoja, mzee wa mtaa wa Kadutu, paja limevimba hata kukaa hawezi. Kwenye darubini vijidudu vimejikusanya kama vichala vya zabibu. Nikadondoshea maji ya oksijeni, mapovu tele: dalili za stafilokoko. Nikaweka mrija jioni, nikaenda kulala. Asubuhi plazma inatiririka kama maji ya ziwa. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: koagulazi hasi. Nikapiga na mstari chini, mjinga mimi.

Shefu wa labo alisoma, akatazama vijidudu vya manjano kwenye sahani, kisha akanitazama mimi.

"Uliuangalia saa ngapi?"

"Asubuhi, Mama."

"Mwizi alishatoka."

Kumbe kidudu hiki kinajenga na kinabomoa. Koagulazi yenyewe, protini ya kidudu iliyokipa kipimo jina, hushika protrombini, protini ya kugandisha ya damu yetu, na kuiwasha bila hata kuikata (ndiyo maana wenye hesabu kali hawaiiti kimeng'enya). Fibrinojeni ya plazma inakuwa fibrini, yaani nyuzi za mgando, na vijidudu vinajificha nyuma ya ukuta ambao chembe nyeupe zinahangaika kuupenya. Lakini wengi wao wana pia protini nyingine, stafilokinazi. Hiyo huamsha plazminojeni yetu wenyewe kuwa plazmini, mkasi wa kukata fibrini, ukuta unayeyuka, njia ya kusambaa inafunguka. Plazmini hiyohiyo, ikishikwa juu ya kidudu, hunyoa kingamwili na C3b, alama zinazoiambia chembe nyeupe "meza hiki". Yote hayo kwa vifaa vya mwenye nyumba! Mrija wangu uliganda usiku, ukayeyuka kabla jogoo hajawika.

Kurudia ndiko kulikonipa jasho, maana siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi na etuvi, kabati la joto la labo, ikapoa. Nikaona chupa ya chai ya labo. Nikaimwaga chai, nikachemsha maji kwa makaa, nikayapooza hadi kipimajoto kikasema 38, maana yanashuka kidogo ukifungua. Mirija nikaifunga pamoja kwa mpira, vizibo vimekazwa, nikaining'iniza kwa uzi. Juu ya chupa nikaandika kwa wino mwekundu: SI CHAI. Kila nusu saa nainamisha mrija taratibu. Usitikise! Mgando mchanga unavunjika, utaapa haukuwepo. Safari hii plazma ilikuwa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mrija. Ya sitrati, dawa nyingine ya kazi hiyo, niliiacha, kwa sababu enterokoko wengine (vijidudu vya utumbo) huila sitrati na kukugandishia bure.

Saa ya tatu haijaisha, mrija mmoja ukagoma kutiririka. Nikamwita shefu nusu nikikimbia. Akaugeuza kichwa chini, hakuna kilichodondoka. Akachukua karatasi yangu ya asubuhi, akaichana, akanipa nyingine.

"Andika upya, papa anangoja dawa. Halafu niambie, sisi tunakunywa chai kwenye nini?"

Chupa mpya niliinunua Kadutu, dola tano au saba hivi. Ile ya zamani bado imeandikwa SI CHAI.