"Ngoja" na "songa": nilivyojifunza kuendesha gari la zimamoto

Mwaka wangu wa kwanza kwenye usukani wa gari la zimamoto hapa Dar, dereva mmoja mkongwe alinipa ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka nakunja uso: "Ukishawasha king'ora, barabara ni yako." Nikauamini. Nilikuwa nimetoka kwenye malori ya mizigo, jiji nalijua, nikadhani kilichobaki ni kukanyaga mafuta tu. Kwa ushauri ule, nusura niue mtu.

Ilikuwa jioni, giza linaanza kuingia, tumepigiwa kwamba nyumba inaungua Manzese. Tumeshika Barabara ya Morogoro, foleni imekaza, tukafika makutano taa ikiwa nyekundu. Dereva unakaa kulia, kiongozi wa zamu kushoto, na upande wa kushoto ukishazibwa na basi wewe dereva huoni kitu. Macho yake ndiyo macho yako. Basi lilikuwa limesimama kutupisha, limeziba kila kitu. Kiongozi akapiga kelele: "Ngoja!" Mimi, king'ora kinalia juu ya kichwa, nikasikia "Songa!" Nikasonga.

Bajaji ikachomoza mbele ya basi. Nilimwona mama amekaa nyuma, amepakata mtoto mwenye sweta la shule la kijani, nikaona mkono wake unapanda kumfunika mtoto uso. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukatetemeka. Tulikuwa na lita 5,000 mgongoni, maana yake tani tano za maji peke yake, gari lenyewe hujalihesabu. Liliposimama, kati ya bampa na bajaji palikuwa na nafasi ya kupitisha ndoo. Yule mama hakutukana. Alitutazama tu, na ningependa zaidi angetukana.

Moto wa Manzese tuliuzima. Tuliporudi kituoni na kuanika mipira ya maji, nikamfuata kiongozi. "Afande, umeniambia songa." Akaapa alisema ngoja. Basi tukapanda tena ndani ya gari, injini inaunguruma, tukawasha king'ora palepale uwanjani, akawa ananitamkia maneno mimi nimeangalia mbele. Majirani walilalamika, nawaelewa. Lakini tuligundua jambo ambalo sikuwahi kufundishwa na mtu: king'ora kinameza mwanzo wa neno. "Ngoja" na "songa" yote yanabaki "o-a" tu. Tukajaribu mengine mengi, kila neno na pacha wake.

Mwisho tukakubaliana neno la ruhusa liwe moja tu: "safi". Kushoto safi, nasogea. Nikisikia neno lingine lolote, hata kikohozi, nasimama. Akinyamaza, nasimama. Na haruhusiwi kusema safi mpaka ameiona njia ya mwisho kabisa, kwa sababu gari la kwanza likikupisha, bodaboda anayepita ubavuni mwake hajui limesimamia nini. Kwa hiyo kwenye taa nyekundu mimi nasimama, magurudumu yanatulia kabisa, halafu navuka njia moja moja.

Hapo ndipo watu wananiambia nachelewesha msaada. Piga hesabu na mimi. Kilomita sita kwa mwendo wa 60 ni dakika sita. Kwa mwendo wa 50 ni dakika saba na sekunde kumi na mbili. Hiyo ndiyo tofauti yote, na ni kama barabara ingekuwa tupu. Ukigonga mtu njiani, hufiki kabisa, na gari lingine inabidi litoke mbali zaidi kuja kwenye moto wako na kwenye ajali yako. Ukitoka mwendo wa 40 ukaenda 80, breki inahitaji umbali mara nne. Najua inavyouma ukifika unapokelewa na "mmechelewa!" na "mmekuja bila maji!" Nimerushiwa mawe, nayajua maumivu hayo. Bado nasimama kwenye taa.

Maji yenyewe yalinifundisha somo la pili. Tulimaliza moto mmoja tenki likiwa limebaki nusu, tukaitwa kwingine, nikasema gari limekuwa jepesi, sasa tutakimbia. Kwenye kipilefti, kuingia unakata kushoto, maji yanakimbilia kulia. Ukizunguka yanarudi kushoto. Ukitoka yanajirusha tena kulia, yakiwa na hasira ya safari zote mbili. Nikausikia usukani umekuwa mwepesi, upande mmoja wa gari hauko chini vizuri. Tulipanda ukingo, tairi likapasuka, rimu ikapinda, ikaenda kama laki kadhaa. Ndani ya tenki kuna kuta za kuyapunguza maji kasi, ila kupunguza si kuyazuia.

Aliyenielewesha ni kijana anayeuza maji kwa mkokoteni mtaani kwetu. Nilimkuta anahangaika kwenye kona, nikamuuliza, mdogo wangu, mbona leo unayumba na mzigo mdogo? Akasema, "Kaka, dumu likijaa halina neno. Yakiwa nusunusu ndiyo yanakuvuta."

Nikanunua pipa la plastiki la lita 200, la mtumba, elfu sitini au sabini hivi. Nikalilaza na kulifunga nyuma ya kirikuu ya shemeji, kile kipikapu kidogo cha mizigo, nikalijaza nusu, nikaenda uwanja wa mpira alfajiri, nikapanga ndoo sita kwa mstari. Mwendo wa ishirini tu. Unakata kushoto, kimya. Halafu, ukishadhani umemaliza, maji yanafika: du! Kirikuu nzima inasukumwa. Ukikata kulia papo hapo, pigo la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Jumamosi nne nilizunguka zile ndoo mpaka mwili ukashika: breki kabla ya kona, usukani wa polepole, hesabu moja, mbili, maji yarudi, ndipo ukate upande wa pili. Sasa hivi tenki likiwa nusu nalisikia kiunoni, wala siangalii geji.

Njia ya mwendokasi inasaidia sana, lakini ukishaingia kingo zinakubana, na penye kituo abiria anavuka akitazama basi lake. Pale natambaa. Tukitoka magari mawili, la nyuma libadilishe mlio na kuacha nafasi, maana raia akishapishana na la kwanza anarudi barabarani akijua yameisha. Na wewe unayepiga 114, namba yetu ya zimamoto, tafadhali mtume mtu asimame barabarani kwenye kona ya kuingilia. Vichochoro vya Tandale vinatula muda kuliko taa zote za Morogoro.

Mkanda unafungwa kabla gurudumu halijazunguka. Hilo sina mjadala nalo na mtu.

Kila zamu mpya nikipangiwa kiongozi ambaye sijafanya naye kazi, nawasha king'ora uwanjani na kumwomba atamke lile neno mara tatu. Wengine wanaona usumbufu, wanatamka hivyohivyo. Jumamosi hii kijana aliyeanza udereva mwezi uliopita anakuja na kirikuu ya mjomba wake. Pipa bado ninalo, nimeshalijaza nusu.