Jinsi tulivyovuka uhaba wa klorini wakati wa korona

Machi 2020, Uganda iliposimamisha usafiri wa umma na kuweka amri ya kutotoka nje usiku, mtambo wetu mdogo wa maji upande wa Tororo ulibanwa kotekote. Mafundi wanaishi mbali, na bodaboda haziruhusiwi kubeba abiria. Baadaye klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, inayopitia bandari ya Mombasa, nayo ikachelewa: malori yalijipanga Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, madereva wakisubiri majibu ya vipimo vya korona. Na huku wananchi wanahimizwa kunawa mikono!

La mafundi lilikwisha upesi. Wawili walihamia mtamboni, tukatandika magodoro stoo, wakapokezana zamu.

Klorini ndiyo iliyoninyima usingizi. Kupunguza dozi kwa kubahatisha ni kukaribisha kipindupindu, sikukubali. Tulianza na mivujo, kwa kuwa kila lita inayomwagika njiani imeshakula dawa. Tukiwa na kibali, tulifuata bomba kuu usiku, mtaa umetulia, na kusikiliza kwenye vali. Mvujo huvuma hata kama ardhi juu ni kavu. Ndoo za unga wa klorini tukazihamishia chumba chenye hewa na kivuli, maana joto huidhoofisha, tukachanganya ya siku moja tu.

Kisha tukapima klorini iliyobaki kwenye kioski cha maji cha mwisho kwenye bomba kila asubuhi. Kidonge cha kupimia kikiyeyuka kwenye sampuli, maji yenye klorini hugeuka waridi. Tulilenga miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ikizidi hapo, tunapunguza pampu ya dawa kidogo kidogo, tunapima tena. Akiba ikafika hadi lori lilipoingia.